Safi Amewekwa Ndani

Nyumba ya marehemu Baba Sefu,
Mtaa wa Wangwana, Cité,
Kisangani.
Tarehe 12 Agosti 1957.

Mpendwa kaka yangu, yaya Waziri,

Assalam alaikum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto je, na yule wa mwisho aliyekuwa na kikohozi? Na mguu wako, ule unaouma kila upepo wa ziwa unapovuma, umepona, au bado unausimamia kutwa nzima mbele ya meza ya kukatia nguo kwa ubishi tu? Nakujua mimi. Usumbura haiwezi kukubadilisha.

Sisi huku tunakula na kulala, na mtu akipita barabarani atasema nyumba ya Baba Sefu haina neno. Neno lipo. Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Dada yetu, yaya Safi, anaumwa. Alhamisi hii daktari atampasua tumbo na kumtoa kizazi. Ninaogopa, Waziri. Nimeliandika mapema ili nisije nikajifanya jasiri mbele yako kurasa zote hizi. Ninaogopa nikiwa jikoni, ninaogopa nikiwa kwenye sala, na nimeshachana karatasi mbili kabla ya hii.

Yeye mwenyewe alinikataza kukuandikia. Alisema utaacha kazi na kupanda malori na huo mguu wako, ufike hapa umechoka kuliko mgonjwa, halafu nani atamwuguza nani. Nilimtii. Leo nimeshindwa, na akinigombeza nitakubali.

Mambo yenyewe si ya mdogo wa kike kumwandikia kaka yake. Ukiona haya, mpe shemeji asome kwanza, naye akusimulie kwa maneno yanayofaa. Mimi nitayaandika yalivyo kwa sababu sina nguvu ya kuyazungusha.

Safi aliacha kuona siku zake zamani, kabla Mama hajafariki. Mwezi wa nne mwaka huu damu ikarudi. Unajua alifanya nini? Alifurahi. Tulikuwa jikoni tunachambua mchele, akaniinamia sikioni akasema: "Kadidja, ujana iko inarudi. Pengine Mungu atanipa mutoto sasa."

Mimi nilicheka naye. Unakumbuka jinsi alivyohangaika miaka ile yote na mumewe Zuberi, dawa za huku na za kule, na hakupata hata mimba ya kuharibika. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwanamke wa umri wake haanzi upya. Akawa anajipaka manukato, anaimba. Damu ikaendelea wiki baada ya wiki, akaacha kuimba, akaanza kufua nguo zake mwenyewe na kuzianika nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita. Siku alipoinuka kwenye mkeka na kuniacha nikitazama mkeka ule, nilimwambia tunakwenda hospitali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunibishia.

Daktari ni Mbelgiji mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Maneno yake yote hupita kwa Octave, muuguzi wanayemwita infirmier, kijana wa Wagenia ambaye baba yake bado anavua kwenye maporomoko. Daktari aliuliza maswali mengi. Mojawapo Octave alilileta hivi: "Docteur anauliza, mama, ulizala watoto ngapi?"

Safi akajibu: "Mingi. Wote wameolewa."

Octave akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akamgeukia daktari akasema neno moja fupi la Kifaransa, na Safi akageukia dirisha.

Hakusema uongo, yaya. Wewe mwanaume hukujua yaliyokuwa yakifanyika chumba cha nyuma, ulifukuzwa huko tangu ulipoota ndevu. Nusu ya wake wa mtaa huu walipita mikononi mwa Safi. Msichana akiposwa aliletwa kwake, akawekwa ndani mpaka siku ya harusi, asionekane na jua wala na mtu, na Safi ndiye somo wake, wa kumsinga, kumfunza na kumlisha. Wali wa mawese asubuhi, lituma ya ndizi za kupondwa mchana, samaki wa liboke aliyeokwa ndani ya majani jioni, na katikati uji wa karanga. Hakuna aliyepokea chakula cha mwali mlangoni ila somo, na hakuna aliyekiingiza ila yeye. Na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mwali hakatai sahani. Kukataa sahani ni kumtukana aliyepika. Msichana aliingia mwembamba akatoka anang'aa, mashavu yamejaa, na watu barabarani walimtazama mwali kisha wakamtazama Safi mwenyewe, mkubwa, mzito, anatembea polepole, wakasema kazi yake inaonekana hata kwa macho.

Basi daktari alitaka ajue uzito wake. Mizani ya hospitali ilishindwa. Octave alisukuma kile kichuma mpaka mwisho na mkono wa mizani haukutulia. Tukatumwa bandarini, kwenye mizani ya magunia, kule wanakopima kahawa na mchele. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Safi alivaa kikwembe chake kizuri na herini za Mama. Wapakuzi waliacha kazi wakazunguka. Mwenye mizani alipotangaza kilo mia moja thelathini na mbili, walipiga makofi, na Safi akawainamia kama bibi harusi, akaniambia: "Unaona? Gunia ya kahawa hainishinde." Tulicheka njia nzima. Ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kucheka hivyo.

Maana daktari hakucheka. Alikuwa amemkwangua kipande ndani ya kizazi, kipande hicho kikapelekwa Léopoldville kwa ndege kutoka uwanja wa Simi-Simi ili wakitazame kwa vioo vyao. Lakini alisema hana haja ya kungoja jibu ili ajue, anangoja tu ili awe na hakika. Ni kansere. Huko Ulaya, alisema, wameona kwamba ugonjwa huu wa kizazi unawapenda wanawake wanene, na hasa wasiozaa, na hasa wenye sukari kwenye mkojo. Safi ana yote matatu. Kwa nini unene uulishe ugonjwa, yeye mwenyewe hajui vizuri. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Kisha Octave akatuletea yaliyobaki, polepole, akichagua maneno. "Mama, iko habari muzuri na habari mubaya. Muzuri ni hii, ugonjwa ya namna yako mara mingi inatembea polepole, inakaa ndani ya kizazi. Tukiitoa, inaweza kuisha. Mubaya ni mafuta. Kisu itapita ndani ya mafuta mbele ya kufika, na kidonda haitafunga. Na moyo yako imechoka tayari. Docteur anasema, akipasula leo, haogope kansere, anaogopa uzito. Donc, hapana wali, hapana mawese, hapana lituma. Samaki ya kuchemsha na majani tu, mpaka jibu ya Léopoldville itafika."

Nilimtazama Safi. Alikuwa amesikia "kisu" bila kutikisika. Aliposikia "hapana wali" ndipo alipolia.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Kisu naogopa, ndiyo. Lakini kama nakonda, watu watasema Zuberi hanipe chakula. Watasema somo mwenyewe iko mugonjwa, nani ataniletea mutoto wake? Kadidja, mimi nikiwa mwembamba, mimi ni nani?" Mimi nimekuwa mwembamba siku zote na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alijitahidi lakini. Wiki za kwanza alikula majani yake kama mtu anayekunywa dawa. Kilichotuharibia ni kifo cha Berthe.

Berthe alikuwa kitanda cha jirani siku zile Safi alipolazwa kukwanguliwa. Mke wa mvuvi, Mugenia, mwembamba kiasi kwamba shuka yake ilikaa kama haina mtu. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Yeye alipasuliwa upesi, na baada ya siku chache alikuwa anatembea barazani akimtania Safi. Safi alitiwa moyo sana. Mwezi wa sita Berthe akafa kwao, karibu na maporomoko. Octave alinieleza kwamba kidonda chake kilifunga vizuri kabisa, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa wa aina kali, ule unaowapata hata waliokonda, nao ulikuwa umeshatoka nje ya kizazi kabla hajafika hospitali. Daktari aliushinda mwili, hakuushinda ugonjwa.

Mimi nilielewa. Lakini nani angewaelewesha wanawake wa mtaa wetu? Walichoona wao ni kitu kimoja: mwembamba amekufa, mnene yu hai. Na mnene huyo sasa ananyimwa chakula kwa amri ya Mzungu, na mdogo wake ndiye anayesimamia.

Shangazi Binti ndiye aliyewakusanya. Usimchukie, alifanya kwa mapenzi, na umri ule haubishani. Aliwaambia kwamba somo akiugua, mali yake ni wanawali aliowalisha, na sasa ni zamu yao kumlisha ili apate damu na mafuta ya kukabili kisu. Wakapanga zamu. Wakubwa kwanza, wadogo baadaye. Mimi nikienda sokoni kumsaidia Zuberi kuuza samaki wake wakavu, wao huingia na sahani chini ya vikwembe vyao. Nilikuwa nasikia harufu ya mawese nikirudi, nikadhani ni ya jirani.

Na Safi alikula. Aliniambia baadaye, na ninamwamini, kwamba hakula kwa njaa. Msichana aliyemlisha kwa mkono wake anapiga magoti mbele yake, anafunua sahani, anasema, mama, nimekupikia. Angesema nini?

Tuliporudi bandarini mwezi wa saba, kilo zilikuwa zimeongezeka. Wapakuzi walipiga makofi tena. Safi hakuinama safari hii.

Siku hiyohiyo jibu la Léopoldville lilikuwa limefika, na ni lile alilosema daktari. Aliikunja ile karatasi, akasikiliza kilo. Sauti yake haikupanda. Octave akatuambia: "Docteur anasema hivi. Akipasula sasa, mama anaweza kufa juu ya meza. Akingoja mingi, ugonjwa inaweza kutoka ndani ya kizazi, alors kisu haitakuwa na kazi tena. Anasema mwezi moja. Nyuma ya mwezi moja atapasula tu, hata iko namna gani." Zuberi alikuwa pamoja nasi. Alishika kofia yake kwa mikono miwili na kuizungusha, kuizungusha.

Nilikwenda kusimama mlangoni kwetu, yaya. Kila aliyekuja na sahani nilimrudisha. Unadhani walinisikiliza? Mmoja aliniambia nangoja dada yangu afe niwe somo mimi. Shangazi Binti alinionyesha kidole mbele za watu, akasema: "Weye iko unaua mutoto ya kaka yangu na njaa." Nilirudi ndani. Kibaya zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kwamba amekosea. Mimi si daktari. Huenda ni kweli naua.

Safi alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Akaniita, akasema: "Mimi siwezi kukataa sahani. Hata kesho wataleta, hata kesho nitakula."

Nikamjibu: "Basi usiione."

Alinitazama. Kisha akasema taratibu: "Niweke ndani, Kadidja. Wewe utakuwa somo."

Nilidhani anatania. Lakini alikuwa ameshainuka, ameshachukua mkeka wake, anaelekea chumba cha nyuma. Shangazi Binti alipoambiwa kwamba Safi amewekwa ndani na mimi ndiye somo, alikunja uso, akafikiri, mwishowe akakubali, kwa kuwa mila ni mila na yeye ndiye mlinzi wake mkubwa. Kuanzia siku ile alikaa kizingitini na fimbo yake. Mtu akija husikia: "Mwali iko ndani. Hakuna mutu kuingia. Sahani, pa Kadidja." Sahani zikaja kwangu, nikapokea, nikashukuru, nikarudisha vyombo vimeoshwa. Ndani nilipeleka samaki wa kuchemsha na majani. Wali wote umekwenda kwa Zuberi. Ukimwona shemeji yako leo utacheka, vifungo vya shati vinamkataa.

Kwa wiki mbili nilikuwa na furaha ya kijinga. Bandarini tulikuwa tunakwenda alfajiri, kabla watu hawajajaa, Safi amejifunika uso kama mwali kweli. Kilo zilishuka. Daktari alinishika mkono. Safi mwenyewe alianza kupumua vizuri akipanda ngazi, na sukari kwenye mkojo ikapungua.

Kisha kilo zikaanza kushuka upesi. Zikashuka hata siku nilizomwongezea chakula kwa hofu. Samaki anamwacha nusu, maji anayaacha, na damu ambayo ilikuwa imetulia imerudi. Mifupa ya mabega ambayo sijapata kuiona tangu tuzaliwe imetokea, nami nikimsinga mkono wangu unaikuta na unashtuka. Nilimuuliza Octave jambo moja tu, ni sisi tunaomkondesha au ni ugonjwa? Akaenda kumuuliza daktari. Akarudi. "Anasema atajua akifungua." Hilo ndilo jibu, Waziri. Kwa muda wote huu niliomba mizani ishuke, sasa imeshuka, na sijui ni nani anayemla dada yangu.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Wale wanawake hawajui. Hakuna aliyemwona tangu aingie. Wao wanajua mwali akiwekwa ndani hutoka amenenepa, na sahani zao zilirudi tupu kila siku. Wanaamini tumemjaza mafuta ya kukabili kisu. Shangazi Binti, ambaye macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, anaamini hivyo pia. Jumatano asubuhi, tutakapompeleka hospitali, wamepanga kujipanga barabarani na vigelegele kumtoa mwali wao. Wameshona sare.

Fikiri watakapomwona. Mmoja tu akipiga kelele ya msiba, wote watapiga, na Safi atageuka arudi ndani, namjua. Hatakubali kupita katikati ya kilio chake mwenyewe. Na mwezi wa daktari umekwisha.

Nilitaka tupite nyuma, kwenye njia ya mtoni. Amekataa. Anasema hajawahi kumtoa mwali kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Basi tumekubaliana hivi. Nitamvisha vikwembe vyake vyote, kimoja juu ya kingine, kiunoni, mabegani na kifuani, mpaka awe Safi wao. Zuberi atamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, kwa sababu uzito wa nguo zenyewe sasa unamshinda. Jana tulijaribu. Alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema: "Eeh. Huyu namujua." Nikatoka nje nikajidai natafuta pini.

Ameniomba pia jambo moja, na hili usimwonyeshe mtu. Akifa, wasimwoshe wale aliowalisha. Shangazi haoni, kwa hiyo shangazi aruhusiwe. Nimwoshe mimi na shangazi peke yetu, mlango ukiwa umefungwa, tumvike sanda kabla ya yeyote kuingia. Nilimwambia asiseme maneno hayo. Akaniambia nisimjibu, niahidi tu. Nimeahidi.

Zuberi anavumilia. Sokoni wanamuuliza kama amempa mkewe talaka, maana haonekani. Anasema hapana, amewekwa ndani, na wao wanacheka, wanamwambia ana bahati ya kuoa mara mbili. Anacheka nao. Akirudi nyumbani anakaa nje ya chumba cha nyuma, anazungumza naye kupitia pazia habari za bei ya samaki, na yeye anamjibu.

Mengine ni madogo. Paa la jikoni lilivuja, limezibwa. Ndugu zetu wa njia ya Banalia walileta mchele mpya, mzuri, nami nimeugawa wote. Mvua imeanza kujisumbua mapema mwaka huu.

Barua hii nitaipeleka posta leo, lakini najua haitakufikia kabla ya Alhamisi. Simu ya posta nitakayoipeleka baada ya kisu ndiyo itakayotangulia. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, wewe tayari unajua nisilolijua. Nakuonea wivu na nakuhurumia. Kwa vyovyote njoo, na huo mguu wako. Malori ya Bukavu yanapita kila wiki, na huku hakuna wa kumgombeza shangazi ila wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie dua zake nazihitaji kuliko kanzu zako. Nisalimie watoto mmoja mmoja. Zuberi anakusalimu, na shangazi Binti anakusalimu na kuuliza kama bado unasali alfajiri. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akukutanishe nasi sote tulio hai, wala asiipunguze nyumba hii.

Neno la mwisho. Jana Safi aliniambia kwamba kama siku moja nitakuandikia, nikuambie yuko mnene vilevile ulivyomwacha. Mimi sikuweza kukudanganya. Lakini wewe, ukifika na kumkuta hai, usisimame mlangoni ukamwangalia. Ingia moja kwa moja, ukae kitandani pake, na umwambie kwa sauti, wodi nzima isikie: "Safi, umenenepa."

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukungoja,

Kadidja binti Sefu